Kitufe cha Juu Kabisa

Jumapili, 2 Machi

Nimegombana na Mama. Tena! Na safari hii si ule ugomvi wetu wa kununiana mpaka jioni.

Kaka alipiga kutoka huko ng'ambo, akatuunganisha watatu kwenye simu moja, akaanza hotuba. Kwamba tangu Mama aanguke bafuni mwaka jana hafai kuishi peke yake. Kwamba presha si kitu cha kuchezea. Kwamba agawe kuku, afunge nyumba, aje kukaa kwangu. Mimi nikasema — kwa sauti ya chini, lakini nikasema — kwamba Kaka ana hoja. Basi! Mama akaniwakia. Tangu lini nimekuwa msemaji wa Kaka? Yeye amezika mume, amesomesha watoto wawili kwa cherehani moja, na hatahamishwa kama kabati.

Halafu akatukumbusha makubaliano yetu. Ni haya: kila asubuhi anabonyeza kitufe cha NIKO SALAMA kwenye simu yake, kwangu na kwa Kaka inatokea alama ya kijani, nasi tunamwacha apumue. Hakuna kumpigia kila kukicha "kama mfungwa anayeitwa jina" — maneno yake hayo. Kitufe chenu nitabonyeza, akasema, lakini wewe usinipigie mpaka nikupigie mimi. Akakata.

Mume wangu alikuwa anasikia yote toka jikoni. Akasema mama mkwe leo amepandisha voltage. Fundi umeme huyu, utani wake ni uleule tangu tuoane. Sikucheka. Imeniuma, maana kitufe chenyewe kinatengenezwa ofisini kwetu, na mimi ndiye niliyemwekea kwenye simu yake.

Jumatatu, 3 Machi

Kijani saa tatu kasorobo. Jana ilikuwa saa mbili na kitu. Mama hana saa: anaamka, analisha kuku, anakunywa chai, ndipo anakumbuka simu. Na simu haitoki kwenye meza ya cherehani. Imechomekwa kwenye chaji mchana kutwa usiku kucha kwa sababu betri imechoka. Nilimnunulia nyingine. Iko kabatini ndani ya boksi lake, "ya wageni". Mkaidi huyo!

Ofisini Mbunifu ametuonyesha sura mpya ya programu. Nzuri, sikatai. Herufi kubwa, rangi zimetulia, wazee wataona bila miwani. Juu kabisa ameweka kadi ya kukumbusha dawa: saa ya dawa ikifika inajifungua yenyewe, inaimba kidogo, kisha inajifunga. NIKO SALAMA, kilichokuwa juu, kimeshuka nafasi ya pili. PIGIA FAMILIA, kilichokuwa cha pili, kimekuwa cha tatu.

Nikauliza: na majina je? Wakanitazama kama mtu aliyeuliza choo kiko wapi katikati ya hotuba.

Lakini ndiyo kazi yangu. Mtu akigusa kitu chochote kwenye skrini, mguso ule unaandikwa kwetu, na mimi ndiye wa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichoguswa. Kitufe kinatakiwa kiwe na jina lake, kama mtoto. Hama nyumba, badili chumba, jina ni lilelile. Vya kwetu havina! Vilitengenezwa kwa haraka, basi mfumo ukavitaja kwa mahali vilipokaa tu — cha kwanza juu, cha pili, cha tatu. Na ile kijani ya familia inachotwa humo humo. "Cha kwanza juu" kikiguswa, mtoto anaambiwa mzazi yuko salama. Sasa ukihamisha vitufe bila kuvipa majina, si balaa hilo?

Bosi akasema sawa, vipewe majina, lakini sitaki kuchelewa. Chapchap — kijana anayeandika programu yenyewe, na jina lake la utani ndilo tabia yake — akasema usijali, Msajili, kufika Jumatano kila kitufe kina cheti cha kuzaliwa. Wananiita Msajili. Waniite tu.

Jumatano, 5 Machi

Kijani saa nne! Roho ilikuwa juu. Ilipotokea nikaguna tu. Akikasirika anachelewa makusudi, anajua nimekodolea macho simu.

Hajapiga. Sipigi. Tuone nani atachoka. (Najua nani atachoka.)

Chapchap anaapa majina yote tayari. Nikamwambia nitagusa mwenyewe kimoja baada ya kingine. Gusa, akasema, mpaka vidole viote sugu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegusa kutwa. Tulitoa simu mpya kwenye maboksi, nikaweka programu, nikapita kila kitufe. NIKO SALAMA kinaandika niko salama. PIGIA FAMILIA kinaandika pigia familia. Kadi ya dawa nayo nikaisubiri ijifungue, ikaimba kawimbo kake, ikajifunga, ikaandika kadi ya dawa. Safi kabisa.

Kitu kimoja tu sikukipenda. Kadi ikijifunga yenyewe, inaandikwa kama vile mtu ameigusa. Nikamuuliza Chapchap mbona. Akasema ametumia njia ileile ya mtu anapobonyeza alama ya kufunga, kwani kuna haja gani kuandika kazi moja mara mbili? Uvivu mtupu. Lakini kadi ina jina lake, haimdhuru mtu. Nikatia sahihi.

Imetoka saa tisa alasiri. Simu za wazee zitajichukulia zenyewe leo na kesho. Bosi ameleta soda. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Jumapili, 9 Machi

Kijani saa moja kamili asubuhi. Saa moja! Mama? Kabla ya kuku? Na jana vilevile, saa moja kamili.

Halafu mchana, saa nane, naosha vyombo, simu ikalia — kijani ya pili. "Mama yuko salama." Mara mbili kwa siku! Jana pia ilikuwa mara mbili, nikadhani ni hitilafu. Nikakaa pale pale kwenye kigoda nikalia. Mume akaja mbio akidhani nimejikata na kisu. Nikamwonyesha. Huyu mwanamke hawezi kutamka "nimekusamehe" hata umpe dunia. Lakini kubonyeza anaweza.

Labda sasa anabonyeza akishameza dawa, maana saa zenyewe ndizo zile za vidonge vyake. Kadi mpya imemsaidia, basi tumefanya kazi nzuri.

Mume akasema mpigie sasa, yaishe. Nikasema hapana, anakuja mwenyewe polepole, nikimharakisha atanuna upya. Kaka ameandika: Umeona? Mara mbili. Amelainika. Nikamtumia moyo mwekundu. Mchana nimelala usingizi wa pono.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi ameingia anaimba. Grafu ya NIKO SALAMA imepanda haijawahi kutokea. PIGIA FAMILIA nayo imepanda. Wazee wanawapigia watoto wao, akasema, jamani hii si kazi, hii ni ibada! Alhamisi ya wiki ijayo kuna wageni wanaofikiria kuingiza fedha kwenye kampuni, na anataka grafu hiyo ukutani, kubwa, siku hiyo.

Mimi nikaitazama grafu. Siku zote kuna wanaosahau. Kuna bibi mmoja hasahau kusahau kila Jumapili, mpaka bintiye amezoea. Safari hii hakuna. Hata mmoja! Nikasema. Bosi akanishika bega: Msajili, furahi japo mara moja, uso hautapasuka. Wakacheka. Nikacheka nami.

Na hao wanaopigia familia — mbona mimi sijapigiwa?

Jumatano, 12 Machi

Dada wa dawati la wateja — anayepokea simu za wazee na watoto wao — amenisimulia kichekesho wakati wa chai. Bibi mmoja amepiga analalamika. Anauliza kwa nini mwanawe anaambiwa ameamka salama wakati yeye bado yuko chini ya shuka anajinyoosha. Wote tukacheka. Halafu mimi kicheko kikakatika katikati.

Nilirudi mezani nikafungua rekodi. Wanabonyeza saa moja kamili. Saa mbili kamili. Saa moja na nusu kamili. Wote! Zamani ilikuwa vurugu, huyu saa mbili na dakika sijui ngapi, yule kabla ya jua. Watu hawaishi kwa "kamili".

Nikamwita Chapchap. Akasema kadi ya dawa inawaamsha, wakishaishika simu wanabonyeza palepale. Na yule bibi amebonyeza akasahau, wazee si unawajua. Nikachukua simu mpya nikapima tena. Kila kitu kinaandika jina lake. Nikapima mara ya tatu. Safi.

Basi kwa nini sina raha?

Alhamisi, 13 Machi

Kijani, kijani.

Mama Pacha amenisalimu kwa ujumbe. Ni jirani wa Mama, ukuta kwa ukuta, ndiye anayeshika ufunguo wetu wa akiba. Bintiye amejifungua, ameenda kumlea tangu Jumanne mchana, atakaa mwezi. Anasema alimwacha Mama barazani anashona mapazia kwa mkono, Mama akamtania asimletee mtoto mwenye pua ya babake. Nimecheka mwenyewe. Ni Mama huyo huyo.

Nilishika simu nimpigie. Nikaiweka. Makubaliano ni makubaliano. Na kijani ipo.

Jumamosi, 15 Machi

Binti yangu ametimiza miaka saba leo. Bibi yake hajapiga.

Miaka yote anapiga kabla mtoto hajapiga mswaki. Anaimba wimbo mzima kwa sauti ile mbaya, mtoto anaziba masikio anacheka. Na gauni! Alishampima mwezi uliopita, akasema litafika kwa basi kabla ya siku yenyewe. Nimempeleka mume kituoni mara mbili. Hakuna mzigo.

Mtoto akauliza: Bibi amekasirika na mimi? Nilitamani ardhi inimeze.

Nimekasirika, wacha niseme ukweli. Nimekasirika sana! Kijani asubuhi, kijani mchana, mzima wa afya, vidole vinafanya kazi, na salamu ya mjukuu hana? Ananikomoa kupitia mtoto. Mimi nipige niombe radhi? Thubutu. Mume ameniangalia tu, akaenda kuwasha mishumaa.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Dada wa dawati alikuja kwangu badala ya kwenda kwa Bosi. Uso umemshuka. Amepokea simu ya mwanamume mmoja. Hakupiga kelele, anasema, na hilo ndilo lililomtisha. Alisema: baba yangu tulimzika Jumamosi. Jana mmeniandikia yuko salama. Leo asubuhi tena mmeniandikia yuko salama. Naomba kujua ni nani anayebonyeza.

Dada akamuuliza simu ya marehemu iko wapi. Iko chumbani kwake, akajibu, kwenye chaji. Chumba nimekifunga mwenyewe. Ufunguo ninao mfukoni.

Nikamshika mkono. Tukaenda kwa Bosi. Akasikiliza, akashika kifua, akasema masikini. Kisha akasema ni wajukuu wanachezea simu, msiba ukiwa na watu wengi huwa hivyo. Apewe pole, afungiwe akaunti, na jambo lisizungumzwe mpaka wageni wapite. Chapchap alianza kucheka. Akaacha. Akaangalia viatu vyake.

Nikamuuliza Dada swali moja tu: simu ya yule mzee, programu ilikuwemo toka zamani au aliiweka juzi? Toka zamani, akasema, alikuwa mteja wetu wa mwanzo mwanzo.

Toka zamani. Na mimi nilipima simu za maboksini.

Jioni nimevunja makubaliano, nimempigia Mama. Imeita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Imeita. Ananikomoa, nikasema kwa sauti, ili nijisikie mwenyewe. Mume akasema jaribu mara ya tatu. Sikujaribu. Niliogopa.

Jumanne, 18 Machi

Kijani saa moja kamili. Niliitazama kama nyoka.

Ofisini nilipekua droo zote mpaka nikapata simu kuukuu, yenye kioo kilichopasuka, iliyokuwa na programu tangu sura ya zamani. Nikaichomeka, nikaiwasha, ikajichukulia sura mpya yenyewe kama simu za wazee. Nikaweka saa ya dawa iwe saa nane. Nikailaza katikati ya meza. Nikamwita Chapchap, nikamwambia kaa, mikono yako iweke magotini nami yangu magotini.

Kadi ikajifungua. Ikaimba. Ikajifunga. Hakuna aliyepumua.

Kwenye kompyuta yangu: NIKO SALAMA.

Majina yote yale aliyovipa vitufe yako kwenye simu mpya tu. Simu kuukuu zimebaki na orodha yao ya zamani kichwani — cha kwanza juu ni NIKO SALAMA, cha pili ni PIGIA FAMILIA. Lakini juu sasa hakuna kitufe tena, kuna kadi inayojifunga yenyewe! Kwa hiyo siku zote hizi tumewaambia maelfu ya watoto kwamba wazazi wao wazima, na aliyesema ni saa ya dawa. Mzee awe anapumua, asiwe anapumua, kadi inaimba.

Chapchap alipauka. Alisema, mimi nilidhani... Hakumaliza. Sikuwa na nafasi ya kumgombeza. Mikono yangu ilikuwa tayari inaandika namba ya Mama.

Saa moja na saa nane. Mimi ndiye niliyeziweka saa hizo za vidonge, kwa vidole vyangu hivi, nimekaa pembeni ya cherehani yake. Nilijua! Nikazifurahia.

Rekodi yake nimeisoma hivi. Kwenye simu yake, akibonyeza NIKO SALAMA kwa kweli, kinaandikwa kama PIGIA FAMILIA, maana ndicho cha pili sasa. Basi nikatafuta PIGIA FAMILIA. Jumamosi ile ya tarehe nane kipo, saa tatu na kitu. Jumapili kipo, saa mbili na nusu. Jumatatu kipo. Jumanne, tarehe kumi na moja, kipo, saa tatu na dakika chache — kuku wameshakula, chai imeshanyweka, Mama ameshika simu, amebonyeza. Alikuwa anabonyeza, jamani. Amenikasirikia na bado anabonyeza.

Jumatano hakuna. Alhamisi hakuna. Nikashuka mpaka leo. Hakuna. Hakuna.

Nikapiga. Inaita. Nikampigia Mama Pacha, anasema yuko mbali, hana namba ya mtu wa mtaa huo isipokuwa ya Mama. Mimi pia sina! Miaka yote sikuona haja ya namba ya mtu mwingine mtaani kwake. Nilikuwa na kitufe.

Nikaenda kwa Bosi, nikamweleza nimesimama. Nikasema tuwaandikie watu wote sasa hivi, wasiamini kijani, wawapigie wazee wao. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya upole kabisa: tukiandika hivyo leo, keshokutwa hakuna wageni, na Ijumaa hakuna ofisi. Turekebishe kimyakimya, Ijumaa, wageni wakiondoka. Nikamwambia mpaka Ijumaa kuna watu wako sakafuni. Akasema usitie chumvi. Nikamwambia Mama yangu hajabonyeza kwa wiki nzima. Akapanga karatasi zake mezani. Kisha akaniuliza kama nataka ruhusa ya siku moja.

Siku moja! Nilimtazama mwanamke huyu ambaye nimekula naye meza moja. Nikaufungua mlango mwenyewe. Nilipotoka Dada wa dawati alikuwa ameanza kuwapigia wateja mmoja mmoja bila kumwomba mtu. Chapchap alikuwa kiti cha pili, na simu sikioni. Hawatawamaliza, lakini wameanza.

Mume amekataa tuondoke sasa hivi. Taa za pikapu haziwaki zote na barabara ile ina makorongo. Nimemtukana. Akaniacha nitukane, yuko nje anazitengeneza. Alfajiri tunaondoka. Mtoto tumempeleka kwa shangazi yake.

Kaka nimemweleza yote. Anasema natia watu wasiwasi. Anasema: kijani si ipo?

Jumatano, 19 Machi

Naandika ndani ya pikapu, mbele ya geti la Mama. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Tulikuwa njiani tangu alfajiri. Saa moja kamili simu ikalia kwenye paja langu. Kijani. Mume aliigeuza kifudifudi bila kutoa macho barabarani.

Tumefika. Geti limefungwa kwa ndani. Taa ya baraza inawaka mchana huu kweupe. Pazia la chumba cha cherehani limefungwa, na Mama hashoni bila mwanga wa dirisha, kamwe. Kuku wawili wamepanda juu ya ukuta, wengine wanalia uani. Nimeita "Mama!" mpaka koo limekauka. Nimepiga simu, naisikia inaita ndani. Naisikia kwa masikio yangu.

Muuza maziwa amepita na baiskeli yake. Akasema: kumbe yupo? Wiki sasa nagonga, hafungui, nikadhani ameenda kwa bintiye mjini. Nikamwambia bintiye ni mimi. Akavua kofia. Kwa nini umevua kofia, wewe? Hakuna aliyekwambia uvue kofia!

Inawezekana ametoka. Inawezekana ameisahau simu, mbona huisahau siku zote. Inawezekana ameamua kweli kunifuata mjini na tumepishana njiani, atakuwa mlangoni kwangu sasa hivi na gauni ndani ya mfuko, anagonga, ananisema. Lakini geti limefungwa kwa ndani.

Mume ameruka ukuta na msumeno wa chuma. Ameniambia nisishuke garini mpaka aniite. Nasikia anakata komeo la mlango wa nyuma. Muuza maziwa amesimama pale pale, ameshika baiskeli.

Saa nane kamili. Ndani, upande wa cherehani, kale kawimbo kameanza. Nakafahamu kila noti, nimekapima mara ngapi sijui. Kamelia kote. Msumeno umenyamaza, mume naye anasikiliza. Kakaisha kenyewe.

Simu yangu imetetemeka. Kijani. "Mama yuko salama."

Na hapo hapo ujumbe wa Kaka: Umeona? Sasa hivi amebonyeza. Si nilikuambia? Mwache mama wa watu, rudini nyumbani.

Komeo limeanguka chini. Mlango umefunguka. Mume ameingia.

Hajaniita bado. Ameita "Mama" mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi, na sasa